Kufunga GPS ndani ya gari bila kuacha kovu

Noah ya yaya wangu ina matundu manne juu ya dashibodi. (Huku Lubumbashi yaya ni kaka au dada aliyekutangulia kuzaliwa, si mlezi wa watoto.) Matundu hayo hayakutoka kiwandani. Yalitobolewa asubuhi moja mimi nikiwa nimesimama pale pale, na kijana aliyeniambia: “Papa, tutatoboa tu fasi kidogo, batu habataona.” Akaingiza skrubu nne, akakaza kishikio cha GPS, nikamlipa, nikaondoka nimefurahi. Miaka miwili baadaye kifaa kile kilikufa, kishikio kikatolewa, na yaya akataka kuuza gari. Mtu wa kwanza kuja kuliangalia hata boneti hakufungua. Alipitisha kiganja juu ya dashibodi, kidole kikatumbukia, akauliza gari hili lilikuwa likifanya kazi ya nani. Bei aliyoitaja baada ya hapo ilimfanya yaya abaki na gari lake. Ndilo ninaloendesha hadi leo.

Tangu siku hiyo sifungi kitu chochote ndani ya gari kabla sijajua kitatokaje. Kila hatua iliyo hapa chini imepimwa kwa swali hilo. Nazungumzia zaidi GPS yenye skrini, ile ya Garmin au nyingine ya aina hiyo, lakini karibu yote yanahusu pia simu unayoitumia kama GPS.

Usukani wako uko upande gani?

Anza hapa, kwa sababu miongozo mingi imeandikwa kwa magari yasiyofanana na yetu. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Lakini magari mengi ya Lubumbashi yametoka Japani, yakashuka bandarini Dar es Salaam, yakapita Zambia na kuingilia mpakani Kasumbalesa, nayo yana usukani kulia. Dereva wake anakaa upande wa majani, na barabara yote iko kushoto kwake. Unapokuwa nyuma ya lori la shaba kati ya Likasi na Kolwezi ukitafuta nafasi ya kupita, macho yako yanakatiza katikati ya kioo na kwenda kona ya kushoto. Hapo hapo katikati ndipo watu hupenda kubandika GPS, juu juu, chini ya kioo cha kutazamia nyuma. Kwenye gari letu hilo ni kosa. Kifaa cha upana wa sentimita 15 kinatosha kabisa kulificha gari dogo linalokuja mbali.

Kwa usukani wa kulia, mahali pazuri ni pawili: kona ya chini ya kulia ya kioo, karibu na nguzo, au katikati lakini chini kabisa, kifaa kikiwa kimekaa juu ya dashibodi na ukingo wake wa juu usipande sana kwenye kioo. Kwa usukani wa kushoto, kona ya chini ya kushoto. Kwenye magari kama Vitz ya zamani, ambayo mita ziko katikati ya dashibodi, katikati hapafai; utafunika spidi yako mwenyewe.

Igiza kwa katoni kwanza

Kata kipande cha katoni chenye ukubwa wa kifaa chako. Kibandike mahali unapopataka kwa ule utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi, ambao hautoi kitu unapobanduliwa. Endesha nacho siku mbili, mchana na usiku. Dukani hakuna atakayekuonyesha utakayoyaona: kwamba ukikata kona ya kulia katoni inamficha mtembea kwa miguu, kwamba mkono wako unaigonga unapofika kwenye redio, kwamba saa kumi jioni jua linaipiga uso kwa uso na hungesoma kitu.

Wakati katoni iko pale, kagua mambo mawili.

La kwanza ni mifuko ya hewa. Tafuta maandishi SRS AIRBAG juu ya dashibodi mbele ya abiria, kwenye usukani, na kwenye magari mapya zaidi hata kwenye plastiki ya nguzo za kioo cha mbele. Mfuko huo hufumuka kwa muda usiofika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Chochote kilicho juu ya kifuniko chake kinageuka jiwe la manati, na anayelengwa ni abiria wako. Kifaa, kishikio, waya, hata ule mfuko wa mchanga nitakaoueleza, visikae juu ya kifuniko hicho wala mbele yake.

La pili ni anga. Setilaiti za GPS zinazunguka kilomita 20,200 hivi juu yetu, na mawimbi yanayofika chini ni dhaifu mno. Yanapita kwenye kioo na plastiki, lakini bati la paa yanalishindwa. Kifaa kinahitaji kuona angalau setilaiti nne kwa pamoja ili kijue kilipo, kwa hiyo kadiri kinavyokaribia kioo ndivyo kinavyoona mbingu zaidi. Kwenye Land Cruiser za migodini, zile ngumu zenye kioo kilichosimama karibu wima na dashibodi fupi, paa linafunika sehemu kubwa. Sogeza kifaa mbele hadi kikaribie kugusa kioo. Baadhi ya magari ya Ulaya yana kioo cha mbele kilichopakwa utando mwembamba wa metali wa kupunguza joto, na utando huo unazuia mawimbi. Ukishuku, washa kifaa ukiwa nje ya gari, uangalie nguvu ya mawimbi kwenye ukurasa wa setilaiti, kisha ingia nacho ndani. Ikiporomoka, jaribu karibu na kioo cha kutazamia nyuma, ambako watengenezaji wengi huacha kipande kisicho na utando.

Kuchagua kishikio

Hapa ndipo pesa na dashibodi huokolewa au hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mpira wa kunyonya, ule unaokuja ndani ya boksi la kifaa, ni mzuri kwa sababu unagusa kioo tu, na kioo hakidhuriki. Ila haushiki kwenye dashibodi yenye vinyweleo, hata ukiubembeleza. Ndiyo maana ndani ya boksi huwa kuna kisahani cha plastiki chenye gundi nyuma: unakibandika juu ya dashibodi, kisha unanyonyesha mpira juu yake. Ukifungua boksi, chukua kisahani hicho ukakiweke mbali na mikono yako. Gundi yake imetengenezwa isitoke. Kwenye dashibodi iliyopigwa na jua miaka kumi na tano, kitakapotoka kitatoka na ngozi.

Vishikio vya kubana kwenye matundu ya hewa vinauzwa rahisi kila mahali. Kwa simu nyepesi, kwenye gari ambalo bado jipya, sina ugomvi navyo, na hewa baridi inasaidia simu isichemke. Lakini vile vipande vya plastiki vinavyoelekeza hewa, kwenye gari kuukuu la Japani, vimekauka kama mabua. Uzito wa GPS pamoja na mtikisiko wa barabara iliyofanya mawimbi kama bati la nyumba vinatosha kuvivunja, na kupata kipande kimoja cha rangi ile ile ni kazi ya kuzunguka wiki nzima.

Kishikio cha tundu la CD nakipenda. Kinaingia kwenye mdomo wa redio, unakaza skrubu, ulimi wake unapanuka na kubana. Na ukweli ni kwamba redio nyingi za magari haya hazina kazi nyingine ya maana: zinaongea Kijapani, ramani yao ni ya Japani, na masafa yao ya FM yanaanzia 76 na kuishia 90, yaani stesheni zetu nyingi hazimo. Kama mdomo wa CD uko juu kiasi cha kutosha, na dereva anaweza kutazama bila kuinamisha kichwa, funga hapo na uendelee na maisha. Usikaze kwa nguvu za kufunga tairi.

Kuna pia vishikio vinavyotengenezwa kwa kila aina ya gari, kama ProClip za kampuni ya Brodit ya Uswidi, ambavyo hujibana kwenye mianya iliyopo tayari kati ya plastiki moja na nyingine. Havitoboi na vinakaa imara sana. Tatizo ni bei, na kwamba lazima uagize cha gari lako hasa, mwaka na upande wa usukani vikiwemo.

Kinachobaki ni mfuko wa mchanga. Nimeuweka mwisho kwa sababu ndio ninaoutumia.

Kufunga mpira wa kunyonya ili usianguke

Watu hulamba mpira, wakaubandika, wakasema umeshika. Umeshika, ndiyo, mpaka mate yakauke.

Osha kioo kwa ndani, eneo lote na si pale tu, kwa maji na sabuni kidogo. Vumbi letu jekundu ni laini kama unga, linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, na chembe chache chini ya mpira zinatosha kupitisha hewa. Kausha, kisha pangusa kwa pamba yenye spiriti ya duka la dawa. Mpira nao uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili ulegee, uuache ukauke wenyewe. Bonyeza katikati kwa kidole gumba huku mkono mwingine ukisukuma kishikio, halafu ndipo ulaze wenzo wake. Uache mtupu usiku kucha kabla ya kuutundikia kifaa. Ukiukuta chini asubuhi, heri umeanguka peke yake.

Mji huu una nyakati mbili za kuangusha mpira. Alfajiri za Juni na Julai baridi ni ya makoti mawili, mpira unakakamaa na ukingo wake unaachia. Subiri kioo kipate joto kidogo kabla ya kuubandika, usifanye kazi hii saa kumi na mbili asubuhi. Kisha inakuja Oktoba. Kuelekea mwisho wa mwezi huo, na tena katikati ya Februari, jua la mchana linapita utosini kabisa hapa kwetu, na gari lililoegeshwa bila kivuli linageuka tanuri. Hewa iliyobaki chini ya mpira inapanuka, mpira unalainika, unateleza. Mazoea yangu ni kulegeza na kufunga upya kila baada ya wiki mbili, hata kama haujaanguka.

Kuutoa, usivute kwa mkono wa kishikio. Inua wenzo, kisha vuta kale kaulimi kadogo kaliko ukingoni hadi usikie hewa ikiingia.

Mkono wa kishikio uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Mrefu unapendeza dukani, lakini kwenye barabara mbaya kifaa kinacheza kama mkia wa mbuzi, na kila mchezo unauchosha mpira.

Mfuko wa mchanga: kununua au kushona

Wanaotengeneza GPS huuza kishikio cha aina hii: mfuko mpana, mzito, wenye tumbo lisiloteleza, unaolala juu ya dashibodi kwa uzito wake tu. Hakuna gundi wala skrubu. Ukitaka kuutoa, unaubeba.

Fundi cherehani yeyote anayeshona vifuniko vya viti anaweza kukutengenezea. Wangu ulishonwa hapa hapa mjini, nao unafanya kazi vizuri kuliko ule wa kiwandani niliowahi kuazima. Vipimo vyangu ni sentimita 25 kwa 15. Juu ni kitambaa kizito cheusi kisichong’aa. Usikubali rangi nyingine, kwa sababu kitu cheupe juu ya dashibodi kinajionyesha kwenye kioo cha mbele mchana kutwa. Chini ni ngozi laini ya aina ya swedi, upande wenye manyoya mafupi ukiangalia dashibodi. Nilijaribu kwanza mpira wa ndani wa tairi, kwa kuwa unashika sana. Baada ya miezi michache ya joto uliacha doa la kahawia ambalo halijatoka. Mpira mweusi na plastiki ya dashibodi vikipashwa moto pamoja huambukizana, basi usirudie kosa langu.

Mchanga uwe wa mto, uoshwe mpaka maji yawe meupe, uchekechwe, uanikwe jua siku mbili. Ukiufunga ungali na unyevu utaota ukungu. Utie kwanza ndani ya mfuko wa plastiki mgumu uliofungwa vizuri, kisha ndani ya ngozi. Gramu 800 zinatosha. Jaza theluthi mbili tu ya nafasi, ili mfuko ulegee na kufuata mabonde ya dashibodi; ukiujaza pomoni utakuwa kama mpira wa miguu, utaviringika kwenye kona ya kwanza.

Juu yake, kabla fundi hajamaliza kushona, mwambie apachike kipande cha plastiki ngumu nyororo cha sentimita 9 kwa 9, ile wanayotumia watengeneza mabango, kishikwe na kitambaa pembeni na kubaki wazi katikati. Hapo ndipo mpira wako wa kunyonya utakaa, na juu ya plastiki hiyo unashika kama kwenye kioo.

Jambo moja usilipuuze. Gramu 800 zilizolala bila kufungwa zitaruka ukigonga kitu. Fundi ashone kitanzi upande wa mbele, nawe upitishe kamba fupi ya nailoni hadi kwenye kizuizi kisichotoka, kwa mfano kwenye wavu wa tundu la hewa ya kuondoa ukungu kwenye kioo. Kamba hiyo haionekani, na siku ya kutoa unaikata kwa mkasi.

Kupitisha waya

Hapa uharibifu mwingi hufanywa na watu wenye haraka na bisibisi. Bisibisi ya chuma usiitie kwenye ukingo wa plastiki hata mara moja. Itaacha alama ya jino. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda, au mpini wa mswaki wa zamani uliosuguliwa ukawa bapa.

Ukifunga kona ya kulia kwenye gari la usukani kulia, njia ni fupi: waya unashuka kwenye mwanya kati ya dashibodi na plastiki ya nguzo, unaingia nyuma ya mpira wa mlango, unatokea chini ya dashibodi. Mpira wa mlango unavutika kwa vidole tu, na unarudi mahali pake kwa kuugonga na kiganja. Waya ukae nyuma ya mpira, usibanwe na mlango wenyewe. Kama nguzo ina alama ya mfuko wa hewa, waya usipite mbele ya mfuko huo wala usiifungue plastiki yake. Shuka kwa nje kando ya kioo.

Ukifunga katikati, waya ushuke kwenye mwanya wa redio au pembeni ya kiweko cha kati hadi kwenye tundu la kuwashia sigara. Usiuache ukining’inia mbele ya gia.

Eneo la pedali ni haramu. Waya wowote unaopita chini ya dashibodi upande wa dereva ufungwe kwa vitanzi vya plastiki kwenye waya nyingine zilizokwisha kufungwa na kiwanda, kila sentimita 15 hivi, na uuvute kwa nguvu ya kawaida ukijaribu kama unashuka. Urefu uliozidi uuviringe kwa duara kubwa, uuzungushie utepe wa kitambaa ili usigongegonge plastiki, uufiche nyuma ya kisanduku cha glavu. Usiukunje kwa pembe kali.

Umeme

Njia isiyoharibu chochote ni kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Gari dogo linatoa volti 12, injini ikiwaka ni karibu 14. Kichwa cha chaja kinapunguza hadi 5. Malori mengi ni volti 24, kwa hiyo soma maandishi kwenye kichwa kabla ya kukichomeka: kama hakijaandikwa 12–24V, kiache. Mara nyingi ndani ya ncha kuna fyuzi ndogo ya kioo. Kifaa kikigoma ghafla, fungua ncha hiyo kwanza kabla ya kulaani kifaa.

Chaja za bei ya chini sana zina ugonjwa mmoja: zinatoa kelele za umeme zinazochafua redio na hata mawimbi ya GPS. Ukiona kifaa kinapata setilaiti vizuri kikitumia betri yake na kinapotea unapochomeka, adui umempata.

Kama tundu la sigara limekufa, au unalihitaji kwa simu, unaweza kuchukua umeme kwenye kisanduku cha fyuzi bila kukata waya hata mmoja. Ukimwachia fundi mwenye haraka atamenya waya wa redio na kuusokota na wa kwako, mkatalie. Unachohitaji ni kishikio cha fyuzi cha kuchomeka, chenye nafasi mbili, moja ya fyuzi ya zamani na moja ya mpya, na mkia wa waya. Magari mengi ya Toyota yana kisanduku hicho karibu na magoti ya dereva au nyuma ya kisanduku cha glavu.

Toa funguo. Chagua fyuzi inayopata umeme ufunguo ukiwa kwenye ACC tu (hatua ya kuwasha redio bila kuwasha injini), kama ya redio au ya tundu la sigara. Hakikisha kwa multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi: ufunguo ukiwa umezimwa isome sifuri, kwenye ACC isome 12. Fyuzi ya mfuko wa hewa, ya breki za ABS na ya kompyuta ya injini usiziguse hata kama ziko karibu na mkono. Chomoa fyuzi uliyochagua, iweke kwenye nafasi yake ndani ya kishikio, weka mpya ya ampea 2 au 3 kwenye nafasi ya pili, na uchomeke. Kisha rudisha ufunguo kwenye ACC na ufanye jaribio hili: iondoe ile fyuzi ya zamani ukiwa umeacha mpya peke yake. Kama mkia bado una umeme, umechomeka upande sahihi. Kama hauna, zungusha kishikio. Mkia huo uufunge kwenye kigeuzi cha volti 12 kwenda 5, si moja kwa moja kwenye kifaa, na waya wa ardhi uukaze kwenye bolti iliyopo tayari kwenye mwili wa gari.

Wenye teksi na magari ya mizigo hunitaka niwafungie pia vifaa vya kufuatilia gari, vile vidogo visivyo na skrini. Kanuni ni ile ile: chini ya dashibodi ya plastiki kuna anga ya kutosha, chini ya bati hakuna, na vifungwe kwa vitanzi badala ya skrubu. Tofauti ni kwamba vinakula umeme usiku na mchana. Piga hesabu kabla. Kifaa kinachokula miliampea 50 kitamaliza ampea-saa 1.2 kwa siku, yaani 36 kwa mwezi, na betri ya gari dogo yenye ampea-saa 45 haitakuwa na nguvu ya kuwasha injini muda mrefu kabla ya hapo. Mwenye gari analiacha uani, anasafiri mwezi mzima, anarudi na kumlaumu fundi.

Siku ya kwanza barabarani

Washa kifaa gari likiwa limesimama mahali pa wazi, ukiacha kipate setilaiti zake. Kikiwa kipya au kikiwa kimesafirishwa kutoka mbali, mara ya kwanza kinaweza kuchukua dakika kadhaa. Weka ramani inayofanya kazi bila intaneti. Ramani za OpenStreetMap zinaingia kwenye Garmin, na kwenye simu kuna programu za OsmAnd na Organic Maps. Ukitoka mjini mtandao unakatika pale unapouhitaji.

Tafuta kipande cha barabara mbovu, usiende mbali, mitaa ya Katuba hapa mjini ipo, na upite polepole. Sikiliza. Kinachogongagonga sasa kitakuchosha kwa kilomita 300 za kwenda Kolwezi. Mara nyingi ni waya kwenye plastiki, si kishikio.

Ukiegesha, ondoka na kifaa. Ukitumia mpira wa kioo, futa na ile duara unayoiacha, maana mwizi anaisoma kama tangazo. Joto nalo ni sababu: betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa zimezidi nyuzi 45, na ndani ya gari lililofungwa juani kiwango hicho kinapitwa haraka. Mfuko wa mchanga unaingia chini ya kiti pamoja na kishikio chake. Kamba ifungwe kwa ndoano ndogo badala ya fundo kama unautoa kila siku.

Kutoa, hata kilichobandikwa na wengine

Huenda gari limekuja kwako tayari lina kisahani cha gundi. Usikibandue kwa kisu. Nenda salon ukaazime mashine ya kukaushia nywele, ukipashe moto dakika mbili tatu kwa kuisogeza sogeza, bila kuganda sehemu moja. Kisha pitisha nailoni ya kuvulia samaki chini yake, uishike ncha mbili, na uivute kama msumeno. Gundi inakatwa katikati, kisahani kinatoka, na mabaki unayaviringisha kwa kidole gumba mpaka yawe vidonge. Kilichobaki pangusa kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, ukijaribu kwanza mahali pa kificho. Petroli na thina ya rangi zisikaribie. Mafundi wanazipenda kwa sababu zinafanya kazi haraka; zinayeyusha gundi na uso wa plastiki kwa pamoja, na unabaki na doa linalong’aa ambalo hakuna mafuta ya dashibodi yatakayolificha.

Kuna alama moja tu ambayo mfuko wa mchanga unaweza kuiacha, na nimeiona kwenye gari la jirani: sehemu iliyofunikwa inabaki nyeusi wakati dashibodi nyingine imepauka kwa jua. Ndiyo sababu ninausogeza wangu sentimita chache kila mwanzo wa mwezi, na mvua zikianza Novemba ninauinua kabisa, napangusa chini yake kwa kitambaa chenye maji, naacha pakauke kabla ya kuurudisha. Siku hizi unakaa juu ya yale matundu manne.